Shela Isiyo Yangu

4 Machi

Mvua imeanza leo, na imeanza kwa ubabe. Dirisha la chumba cha mafundi linavuja palepale linapovuja kila mwaka. Shangazi ameweka ndoo palepale anapoiweka kila mwaka na kumtukana seremala wa kasri kwa maneno yaleyale.

Masanduku ya bibi harusi yamefika kabla ya mwenyewe. Yeye bado yuko kwao, ng'ambo ya mto, kwa baba yake ambaye naye ni mfalme. Atavuka mvua ikitulia kidogo, na mwishoni mwa mwezi wa nne ataolewa na mwana wa mfalme wetu. Sanduku moja lina gauni lake la zamani, tumeletewa liwe kipimo. Shangazi ndiye mkuu wa mafundi. Akalitazama gauni, akanitazama mimi, akasema, "Vaa." Likanikaa kiuno, mabega, mpaka urefu.

"Afadhali huo mwili nao umepata kazi," akasema.

Basi kuanzia leo mimi ndiye ninayesimama badala ya bibi harusi wakati gauni lake jipya linashonwa. Mafundi wenzangu wameshanibatiza jina: Sanamu.

6 Machi

Mvua. Nimesimama kutwa. Mama Pacha, anayeshona pindo, ameniambia nipumue kidogo maana sanamu halisi hazipumui kwa kelele.

9 Machi

Nitaandika, la sivyo sitatulia.

Shangazi ana pengo la meno ya mbele, pini hazimkai mdomoni. Kwa hiyo mfuko wake wa pini ni mdomo wangu. Leo adhuhuri alikuwa amefika nusu ya pindo, chakula kikaitwa, akaniambia, "Usikae, usiiname, usiteme." Wakaondoka wote. Nikabaki katikati ya chumba na gauni jeupe lote mwilini, shela usoni kwa sababu tulikuwa tunapima urefu wake, na pini zimejaa mdomoni.

Mlango ukafunguliwa, akaingia mwana wa mfalme.

Nimemwona maisha yangu yote akipita kwa mbali, juu ya farasi. Kwa karibu ni mtu wa kawaida mwenye kucha zilizotafunwa. Akafunga mlango nyuma yake na kuuegemea.

"Najua hairuhusiwi," akasema. "Niliona masanduku yakipita, nikajua umekuja kimyakimya. Usiogope."

Katika kasri hili hakuna mtu wa nyumba anayeruhusiwa kuuona uso wa bibi harusi, isipokuwa mumewe wakiwa peke yao, mpaka baba yake mzazi aje baada ya harusi amfunue shela mbele ya watu. Kwa hiyo alikuwa ananitazama mimi na kumwona yeye. Nilitaka kusema, Mtukufu, mimi ni fundi. Nikafikiri nitazitemaje pini mbele yake, juu ya hariri ya watu. Nikatikisa kichwa.

"Hutaki kusema nami," akasema. "Sawa. Una haki. Nitarudi."

Akatoka. Nilipotema pini, moja ilikuwa imenichoma ulimi.

10 Machi

Sikula. Shangazi anadhani nina homa.

12 Machi

Leo niliwaomba mafundi waniache na gauni wakati wa chakula. Nilisema miguu imekufa ganzi. Ukweli ni kwamba nilitaka kumaliza jambo hili: aje, nimwambie mimi ni nani, nipige magoti, aniwie radhi, mambo yaishe. Pini nilikuwa nimeziweka mezani.

Alikuja. Hakunipa hata nafasi ya kufungua mdomo.

"Sikiliza, sina muda," akasema. "Rudi kwenu. Jifanye mgonjwa, jifanye mwendawazimu, lakini uondoke kabla ya harusi. Baba hakutaki uwe mkwe, anakutaka uwe rehani. Ukishaolewa hutatoka tena humu, na baba yako ataambiwa achague, bonde lake au uhai wako. Na Baba hatishii bure, nakuapia. Mimi nimelelewa naye."

Alikuwa ameokota chaki ya Shangazi mezani na kuizungusha vidoleni bila kujua. Mkono wa koti lake ulikuwa umejaa alama nyeupe.

"Nisamehe," akasema. "Ningekuwa mtu mwenye moyo ningemwambia yeye usoni. Mimi ni mwoga, na anajua."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nikaona jambo moja waziwazi kama ninavyoliona dirisha. Maneno yale yakijulikana, mwana wa mfalme atapelekwa shambani akapumzike, na fundi aliyeyasikia atapelekwa mahali pengine. Nikimwambia mimi siye, atajua kwamba siri yake imeangukia kwa mtu baki. Sijui mtu wa kifalme hufanya nini na mtu baki mwenye siri yake. Sikutaka kujua.

Nikainamisha kichwa kama bibi harusi. Akaondoka akidhani amefikisha ujumbe.

13 Machi

Kwa hiyo kuna msichana ng'ambo ya mto anayefunga mizigo yake, anaambiwa na shangazi zake kwamba ana bahati. Anayejua kinachomngoja ni mimi, na mimi hata nikiona panya humwita mtu aje aniulie.

15 Machi

Mvua. Daraja dogo limezama. Nimefurahi mpaka nikaona aibu. Daraja likizama haji.

19 Machi

Amekuja tena. Akaniuliza kwa nini bado nipo. Nikasema, "Barabara imefungwa." Ndiyo maneno yangu ya kwanza kwake, na ni ya kweli.

Akaitazama shela. Halafu akasema hakutegemea niwe na sauti ya hivyo. Nikauliza ya vipi. "Ya mtu anayefanya kazi," akasema, akacheka, na mimi moyo ukanishuka mpaka visigino. Hakumaanisha kitu. Akakaa juu ya kiti cha Mama Pacha, akanieleza jinsi alivyo na hofu ya vyumba vya baba yake tangu utotoni, jinsi anavyojua hasira ya mzee kwa namna anavyoweka kikombe mezani. Sijawahi kusikia mwanamume akisema anaogopa bila kujifanya anatania. Nikamwambia na mimi ninaogopa karibu kila kitu. Radi, mbwa, wakubwa, maji yanayotembea.

"Basi tutaelewana," akasema.

Nimeandika hayo na kuyasoma tena. Hakuniambia mimi. Alimwambia shela.

21 Machi

Amekuja. Tumezungumza juu ya mbwa.

24 Machi

Shangazi ameuliza nani anachezea chaki yake. Mama Pacha akasema ni mapepo. Shangazi hakucheka. Aligusa kitasa cha mlango, akakiangalia kidole chake cheupe, akaniangalia mimi kwa muda mrefu. Alinilea tangu wazazi wangu walipokufa na sijawahi kumficha hata kikombe kilichopasuka. Ni mkali. Alishawahi kumfukuza mtoto wa dada yake mwenyewe kwa kuiba kipande cha lasi. Akilijua hili atanitoa, najua, ili chumba kizima kisiangamie. Tena simlaumu.

28 Machi

Mwana wa mfalme ametumwa kusimamia matuta ya mto, hatarudi mpaka siku ya harusi. Alikuja kuaga. Aliweka mkono wake kwenye kitambaa cha mkono wangu, juu ya mshono nilioushona mwenyewe, akasema, "Ukipata nafasi, ondoka. Nitakukumbuka, lakini ondoka."

Nampenda. Naliandika kavukavu hivyo kwa sababu hakuna mtu wa kumwambia.

2 Aprili

Jua. Daraja limeungwa kwa kamba, linapitika. Kila mtu kasrini ana furaha isipokuwa mimi.

5 Aprili

Amefika. Nimeandika kurasa nyingi nikazichana. Nitajaribu kuandika kwa utaratibu.

Aliletwa moja kwa moja chumbani kwetu kupimwa, akiwa na yaya wake mzee. Askari waliomsindikiza walikuwa wamerudishwa langoni. Akavua shela kwa hasira, maana sisi mafundi tu ndio tunaoweza kumwona, tukiwa vifaa kama mikasi. Ni msichana wa umri wangu mwenye sauti ya juu. Gauni akasema ni zito, chumba akasema kinanuka ubichi, mimi akaniuliza kama ni bubu.

Shangazi akawatoa wengine kwa sababu ya kelele. Tukabaki wanne: yeye, yaya, Shangazi na mimi. Nilikuwa nimepiga magoti nikifunga pindo. Nikajua kwamba nisiposema hapo sitasema tena, na msichana huyu mwenye kelele atafia humu.

Nikasema. Nilisema nikitazama miguu yake. Rehani, bonde, kutotoka tena.

"Nani amekuambia?" akauliza.

"Mwana wa mfalme. Alidhani anakwambia wewe."

"Alidhani wewe ni mimi?"

"Nilikuwa nimevaa shela."

"Na wewe ukanyamaza tu?"

"Nilikuwa na pini mdomoni."

Nilidhani atanipiga. Alikaa chini, juu ya sakafu, na gauni lake lote, na uso wake ukawa wa mtoto. Akamwambia yaya, "Baba alisema kuna kitu hakimwingii akilini." Yaya akaanza kulia bila sauti.

Mimi nilikuwa namtazama Shangazi. Nilimsubiri afungue mlango aite walinzi. Alikuwa anakunja futi yake ya kupimia polepole, anaizungusha kidoleni. Alipomaliza akamwambia bibi harusi kwa sauti anayowasemesha wanafunzi wapya:

"Vua nguo."

"Unasemaje?"

"Vua. Walinzi wa lango la kazi wanamjua huyu mtoto kwa kanga yake na kapu lake, uso hawajawahi kuutazama. Utatoka na wanawake wa kufua. Ukikosekana leo, farasi watakufikia kabla ya mto. Kwa hiyo hutakosekana. Huyu atakaa ndani ya shela siku mbili, mvua irudi, mto ujae, wasiweze kukufuata. Halafu atajitoa."

"Shangazi," nikasema, "mimi siwezi."

"Najua huwezi. Vaa."

Tulimfundisha kubeba kapu. Hakujua hata lishikweje. Alitembea kwa kunyooka kama anayetazamwa. Shangazi akamwambia, "Inama kidogo. Tembea kama mtu aliyechelewa na atakayegombezwa." Hapo akaweza. Mlangoni alinibana mkono mpaka ukauma. Hakusema asante. Nadhani hakuwahi kuhitaji kusema.

6 Aprili

Niko katika chumba cha bibi harusi. Kitanda ni kipana hata sijui nilale upande gani. Yaya amekataa kuondoka, anasema akiondoka watashuku. Anakaa mlangoni akisuka mikeka ambayo haihitajiki.

Mvua imerudi. Kwa mara ya kwanza maishani nimesimama dirishani kuishukuru.

7 Aprili

Shangazi ametangaza kwamba Sanamu ana homa, amepelekwa kwa ndugu. Mto umejaa. Wanawake wa kufua wanasema kuna mashua imepinduka. Hawajui ilikuwa na nani.

8 Aprili

Leo nilitakiwa kujitoa. Asubuhi imekuja amri ya Mfalme: kwa kuwa mvua haieleweki, harusi ifanyike keshokutwa. Walinzi wameongezwa mlangoni. Anayeongoza yote ni msimamizi wa kasri, mwanamume mwembamba wa miwani ambaye wafanyakazi wote tunamwita Macho Manne. Ameshika mlango, ameinamisha kichwa, amesema kwa heshima zote kwamba bibi harusi hatatoka mpaka siku yenyewe.

Shangazi alipokuja kurekebisha mabega aliniambia kwa sauti ndogo, "Nimekuua, mwanangu." Sikuwahi kusikia sauti yake ikivunjika. Nikamwambia si yeye. Akaendelea kushona, na mishono yake ilikuwa imenyooka kama siku zote.

10 Aprili

Nimeolewa.

Ukumbi ulikuwa umejaa watu, lakini kupitia shela watu wote ni kivuli kimoja. Niliona miguu yangu tu. Nilikuwa nimepanga nisitetemeke, nikatetemeka. Mfalme alikuwa kulia. Sikuweza kumwona, lakini nilisikia alivyoweka kikombe mezani, taratibu mno, na nikakumbuka nilichoambiwa.

Mwana wa mfalme akasimama kando yangu. Alinuka tope na mvua. Mzee wa kufungisha ndoa akaanza kusoma, na huku anasoma, nikasikia sauti ya chini kabisa:

"Kwa nini umebaki? Nilikuomba uondoke."

"Uliyemwomba ni mimi," nikasema. "Aliyetakiwa kuondoka ameshaondoka."

Aliijua sauti. Chini ya shela niliona kidole chake gumba kikisimama juu ya kucha aliyokuwa anaibonyeza.

"Wewe ni nani?"

"Fundi wa nguo."

Mzee akamuuliza kama anakubali. Nilijua angeweza kusema neno moja, nikaburutwa nje pale pale, na yeye akawa mtoto mwema wa baba yake. Nilisikia Macho Manne akikohoa.

"Nakubali," akasema, kwa sauti kubwa mpaka watu wakacheka.

11 Aprili

Tumekaa pande mbili za chumba, mchana, mlango umefungwa. Nimevua shela. Alinitazama kana kwamba ananisoma neno kwa neno. Aliuliza kama mambo niliyomwambia yalikuwa ya kweli, radi, mbwa, maji. Nikasema yote ni ya kweli, isipokuwa yale ambayo sikuyasema.

"Yeye amevuka?"

"Sijui. Kuna mashua imepinduka."

Akafunika uso. Nikamwambia anaruhusiwa kunichukia. Akasema hana muda wa hilo, ana hofu nyingi mno. Halafu akacheka, nami nikacheka, na tukanyamaza haraka kwa sababu kulikuwa na nyayo nje.

15 Aprili

Mvua. Leo alihamisha kiti chake kikaja upande wangu.

18 Aprili

Mafundi wamekuja kurekebisha nguo zangu. Nilikaa na shela. Mama Pacha alikuwa anapiga pindo, akanibana kidole cha mguu kwa vidole viwili na kukivuta, jinsi alivyokuwa akinifanyia kila nikisinzia nimesimama.

"Bibi harusi ana miguu mizuri," akasema kwa sauti. "Kama miguu ya mfanyakazi." Halafu kwa sauti ndogo, "Pumua, Sanamu."

Kwa hiyo wanajua. Chumba kizima cha mafundi kinajua na hakuna aliyesema. Nilikuwa nikiwaona kama watu wa umbea. Nimelia ndani ya shela na kuilowesha.

22 Aprili

Nimefanya kosa. Mungu wangu, kosa dogo kiasi hicho.

Nilikuwa napita kwenye ukumbi mdogo, shela usoni, na yaya nyuma yangu. Juu ya zulia kulikuwa na pini. Fundi akiiona pini chini haipiti. Nikainama, nikaiokota, nikaichomeka kifuani mwa nguo yangu kama ninavyofanya kila siku tangu nijue kutembea. Ndipo nikainua macho.

Macho Manne alikuwa amesimama kwenye ngazi. Aliiangalia pini kifuani mwangu. Akainama kwa heshima.

"Bibi ana jicho zuri," akasema.

Sijaweza kula chochote tangu hapo.

25 Aprili

Macho Manne ameenda kwa ndugu kumtafuta Sanamu mwenye homa. Hakumkuta.

26 Aprili

Wamemchukua Shangazi. Amefungiwa katika ghala la vitambaa, lile lisilo na dirisha. Mama Pacha aliniletea habari akijifanya anapima mkono wangu. Wamemuuliza nilipo, akawajibu kwamba nimetoroka na mwanamume na kwamba siku zote nilikuwa mtoto asiye na haya. Amenitukana mbele ya kila mtu, anasema Mama Pacha, kwa moyo wote, mpaka walinzi wakamwonea huruma.

Huyu ndiye niliyeandika kwamba atanitoa. Sitaifuta ile sentensi, ikae pale ninione nilivyokuwa.

28 Aprili

Mfalme ameshaambiwa. Hajasema lolote kwangu. Amemwambia tu mwanawe mezani, kwa upole, kwamba barabara ikifunguliwa atamwalika mkwewe aje amfunue binti yake, kama desturi inavyotaka, mbele ya watu wote. Na kama baba akisema huyu si wake, basi itajulikana mara moja la kufanya na huyo mwanamke, na fundi aliyemshonea, na kila aliyejua.

Kwa hiyo tunasubiri mvua iishe. Mvua ndiyo inayonilinda.

30 Aprili

Manyunyu tu leo. Naomba inyeshe.

1 Mei

Imenyesha asubuhi. Mchana imeacha. Mume wangu (nalizoea neno hili pole pole) ametaka tutoroke. Tukaliangalia kila lango kichwani mwetu. Lakini Shangazi yuko ghalani, siwezi kumwacha. Nikamwambia aende yeye.

"Sitaki kwenda," akasema. Akafikiri. "Kwa kweli nataka sana kwenda. Lakini siendi."

4 Mei

Jua kali tangu alfajiri. Matope yanakauka, unaweza kuona mipasuko ikianza. Mjumbe wa Mfalme amevuka mto.

Swali ni moja tu sasa. Kama yule msichana alikuwa kwenye ile mashua, basi baba yake hajui lolote, na anakuja kumwona mwanawe. Atainua shela, atakuta mtu asiyemjua, atapiga kelele, na mimi sitaweza hata kumlaumu, kwa sababu atakuwa baba aliyeibiwa mtoto. Kama alifika, anajua. Na akijua, bado kwa nini aje? Mwanawe yuko salama. Bonde lake liko salama. Hana anachokidai humu isipokuwa fundi ambaye hajawahi kumwona.

Nimeligeuza jambo hili pande zote na kila upande unaishia mahali pamoja.

6 Mei

Amekubali kuja. Anafika kesho; amekuja na askari wengi, lakini wao wamebaki ukingo wa mto.

Yaya amenisuka nywele kwa mtindo wa kwao. Alisuka taratibu sana. Nilimuuliza baba yule ni mtu wa namna gani. Akasema, "Ni mtu anayesahau mahali alipoweka viatu." Sikupata msaada wowote hapo.

7 Mei

Naandika sasa hivi, kabla sijaanza kuamini kwamba nimeota.

Ukumbi ulikuwa uleule, ila safari hii jua liliingia kila mahali. Mume wangu alisimama kando yangu. Asubuhi aliniambia kwamba nikikanwa, atasema mbele ya wote kwamba alijua tangu mwanzo na kwamba yeye ndiye aliyevujisha siri. Nilimwambia asiahidi. Pale ukumbini nilikuwa nasikia anavyotetemeka kupitia mkono wa nguo yake, lakini miguu haikusogea.

Baba aliingia. Mtu mfupi, mnene kidogo, anayehema kwa safari. Mfalme akamkaribisha kwa maneno matamu, kisha akasema, "Mfunue binti yako, tumwone sote tufurahi." Macho Manne alikuwa amesimama karibu kabisa na mimi, na nyuma yake walinzi.

Nikaona mikono ya baba ikija. Shela ikainuka. Jua likanipiga usoni, nikafumba macho, nikayafumbua.

Alinitazama. Hakukuwa na chochote usoni mwake, hata kidogo. Alitazama paji, pua, kidevu, kama mtu anayeangalia nyumba ambayo hajawahi kuingia. Nikajua. Yule msichana amezama, huyu mzee hajui, na mimi nimekwisha, na Shangazi amekwisha. Nilitaka kumwomba msamaha, mdomo ukakataa.

Akaniwekea kiganja shavuni.

"Mwanangu," akasema. "Mbona umekonda hivi? Watu hawa hawakupi chakula?"

Mtu mmoja akacheka, kisha ukumbi wote. Mzee akanivuta, akanikumbatia kwa nguvu kama baba aliyemkosa mtoto msimu mzima.

"Ni yeye?" Mfalme akauliza. Hakuwa anacheka.

"Ah, ndugu yangu," mzee akasema juu ya kichwa changu, "mtu humsahau mtoto aliyembeba mgongoni?"

Mfalme akaweka kikombe chini. Akamtazama Macho Manne kwa namna ambayo sitaisahau, akamwambia akamfungulie yule fundi.

Mzee hakuniachia. Alikuwa ananipapasa mgongo na watu walikuwa wanafuta machozi. Mdomo wake ulikuwa sikioni mwangu.

"Amefika," akanong'ona. "Alitembea siku nzima na kapu lako kichwani, hakukubali kulitua. Alinilazimisha nije, na ningekuja hata bila kulazimishwa. Lia kidogo, wanaangalia. Wewe ni mtoto wa nani, nimtafute nimshukuru?"

Nikamwambia baba yangu alikufa zamani.

Nikasikia anavyovuta pumzi.

"Basi sasa unaye," akasema.

Halafu akanigeuza niwatazame watu, mkono wake ukabaki begani mwangu. Tulisimama hivyo mpaka mlango wa mwisho ulipofunguliwa na Shangazi akaingizwa, amepauka, ana vumbi la vitambaa kichwani, anapepesa macho kwa jua. Akapiga magoti kama mtumishi yeyote. Macho yake yalikwenda kwanza kwenye mshono wa bega langu, ambao Mama Pacha aliushona haraka jana na umekaa vibaya, akaukunjia uso. Ndipo akanitazama mimi.